Siku Somoe Alipochagua Mbwa

Enzi zetu mtoto alikula alicholetewa na kuvaa alichoshonewa. Uliwekewa mizizi ya ming'oko ya kuchemsha na pilipili ya ndimu pembeni, ukala. Ulishonewa gauni la Idi kubwa kupita kiasi ili ulikulie, ukalivaa mpaka mdogo wako akaanza kulitolea macho. Wajukuu zangu leo huchagulishwa chai au maziwa, na wakishachagua wanaulizwa kama wana uhakika. Kwa hiyo wenzangu wa rika langu msishangae nikisema kwamba jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni siku watu wazima walipofunga midomo wakamngoja mtoto mdogo aamue.

Mtoto mwenyewe ni mdogo wangu, Somoe. Tulikuwa tunaishi Ziwani, kwenye nyumba ya udongo ambayo Mama aliipaka chokaa kila Idi ikikaribia. Shuleni tulikwenda pekupeku, mkononi ufagio wa chelewa na kidumu cha maji, mfukoni korosho za kuchezea. Nyie mnaocheza kwenye simu hamjui raha ya kulenga korosho kishimoni na kurudi nyumbani na korosho za wenzio. Msimu wa mabibo ndio usiseme. Gauni la shule lilijaa madoa ambayo sabuni ya mche iliyashindwa, na Mama alijua bila kuambiwa tumepita shamba la nani. Njiani kulikuwa na mashine ya kusaga, na mwenye mashine alikuwa na mbwa wa kahawia asiyefungwa. Asubuhi moja mbwa yule alimrukia Somoe akamng'ata kigimbi.

Jeraha lilipona, na sindano za zahanati zikaisha. Kilichobaki ni hofu. Akisikia mbwa anabweka, hata kama ni huko bondeni, Somoe alikauka palepale alipo. Shule akakataa katakata. Mama alimsindikiza siku za mwanzo, lakini mwenye shamba na ndoo za maji hawezi kusindikiza mtoto kila asubuhi. Baba akatisha, akabembeleza, akashika fimbo, akaiweka chini. Basi Somoe akawa anashinda nyumbani akichambua mchicha, na mimi nikirudi ananiuliza leo tumesoma nini. Alikuwa na akili kuliko mimi, kila mtu alijua, na iliniuma sana kumwona anauliza vile.

Wakati huohuo nguruwe pori wakatuingilia muhogo. Wanakuja, wanafukua, asubuhi unakuta shamba kama limelimwa na wehu. Baba akasema hapa panatakiwa mbwa. Mama alikuwa mtu wa Mikindani, wa nyumba ambayo mbwa hakuwahi kukanyaga hata uani.

"Mambo ya najisi sina neno nayo, maji yapo na udongo upo," akasema. "Lakini mbwa akija hapa, huyu mtoto atakaa wapi?"

Baba akatuma salamu Kilambo, kwa dada yake.

Ukoo wa Baba ulivuka Ruvuma kutoka ng'ambo siku nyingi, na Shangazi Felizarda ndiye aliyebaki karibu na mto, analima mpunga na kufuga mbwa. Mwanamke mrefu, ugoro haumtoki, na amri haziishi mdomoni. Kwa watu wa ukoo wake mtoto wa mbwa hauzwi. Unapeleka kuku jike, na anayechagua si yule mwenye shida ya mbwa; anachagua yule wa nyumba yako anayemwogopa mbwa kuliko wote. Ndivyo walivyofanya mama zao na bibi zao, na Shangazi hakuona sababu ya kubadilisha kwa ajili ya nguruwe wa Ziwani. Jibu lake lilikuwa fupi: leteni kuku, leteni na paka wenu, na mtoto anayeogopa aje mwenyewe.

Tukapanda juu ya lori lililobeba chumvi. Baba alikuwa na kuku kwapani, Mama kamfunika Somoe kwa kanga, mimi nimepakata tenga lenye paka. Paka yule alilia njia nzima mpaka utingo akaomba tumshushe atembee.

Shangazi akatandika jamvi katikati ya uwanja, akamketisha Somoe, akampa kipande cha muhogo wa kuchoma. Sisi wengine akatupanga ukutani na kutukataza kusema, kisha akawaachia watoto wa mbwa. Baba alikuwa ameshampata wake kwa macho, dume jeusi lenye miguu minene, ambalo muda uleule lilikuwa limemkamata kifaranga wa Shangazi kwa bawa. Akafungua mdomo.

"Kaka," Shangazi akamkatiza, huku akimnyang'anya mbwa kifaranga wake, "wewe unataka bunduki. Bunduki sina."

Jeusi hilo likaenda moja kwa moja jamvini, likampanda Somoe mapajani na kunyakua muhogo. Somoe akapiga yowe. Mama akataka kumkimbilia, Shangazi akamzuia kwa mkono. "Mngoje, wifi." Akamfuta mtoto machozi, akampa kipande kingine, akarudi ukutani. Paka akafunguliwa, akawachana pua wawili waliomsogelea, akajilaza zake kivulini. Tukangoja. Mwishowe akaja jike mmoja mwekundu, mwembamba, ambaye hakuna aliyekuwa amemtupia jicho. Akafika ukingoni mwa jamvi akaketi, hakupanda. Somoe akijikunja, yeye anarudi nyuma kidogo. Paka akipita, yeye anageuzia uso pembeni. Wakakaa hivyo, wanaogopana kwa adabu, mpaka Somoe akamega muhogo akamtupia.

"Huyo," akasema kwa sauti ndogo.

Kwenye lori la kurudi Baba alikuwa anamtazama yule mbwa na kutikisa kichwa. "Huyu ndiye wa kufukuza nguruwe? Tutaona." Na kwa kuwa kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa yeyote atakayelisikia likiitwa, mbwa akaitwa Tutaona.

Mama naye aliweka sheria. Alichora mstari wa majivu mbele ya baraza, na Tutaona akajifunza kwamba jivu ndio mwisho wake. Alikuwa na chungu chake, na malazi yake nyuma ya banda la bata. Vifaranga walimpanda mgongoni, yeye anapepesa macho tu. Paka alikula kwanza, yeye akamalizia. Lakini kumchagua mbwa ni jambo moja na kumgusa ni jingine. Miezi ikapita, mbwa akakua, Somoe bado anamtupia chakula toka barazani, na shule hakwenda.

Sasa wanaume wa kahawani wakamwambia Baba kwamba mbwa mpole kaharibiwa na ugali mtupu, amtilie pilipili kichaa, atakuwa mkali upesi. Wenzangu imani hii mnaijua, na baba zetu mnawajua. Alasiri moja Baba akaponda pilipili, akachanganya na ugali. Tutaona, kwa heshima yake, akala wote. Halafu akaanza kupiga chafya. Akazunguka uwanja, akasugua mdomo mchangani, mwisho akaruka mstari wa majivu na kutumbukiza kichwa kizima ndani ya mtungi wa maji ya kunywa.

Mama akatoka jikoni akaduwaa. Baba, ambaye pilipili alitia yeye, akashika fimbo. Hapo Somoe akatupita wote, akamkumbatia Tutaona shingoni akamvuta kutoka barazani, akamchotea maji kwa kifuu, akakaa naye mchangani akimnywesha.

"Muache, Baba," akasema. "Anaungua."

Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini mkono hakuutoa shingoni mwa yule mbwa. Sijawahi kumpenda mdogo wangu kama nilivyompenda wakati ule.

Mtungi ulioshwa mara saba, mojawapo kwa udongo kama inavyotakiwa, na aliyeuosha ni Baba, uwanjani, majirani wakimpa pole huku wanacheka. Mama alimsogezea ndoo tu.

Kesho yake asubuhi Somoe alivaa gauni la shule. Tutaona akatangulia. Pale mashine yule mbwa wa kahawia akatoka mbio, na Tutaona akasimama katikati ya njia, habweki, hang'ati, kasimama tu, mpaka mwenzake akamnusa, akachoka, akarudi kivulini. Somoe alinibana mkono hadi vidole vikaniuma, tukapita. Njia iliyobaki nililia mimi.

Nguruwe je? Tutaona alibweka, na nguruwe hawana namna ya kujua kwamba anayebweka ni mwembamba. Alizeeka kwetu, na siku alipokufa aliyechimba shimo ni Mama. Somoe alisoma mpaka akawa muuguzi, na sasa ni bibi wa watu huko Mikindani.

Mimi siku hizi nakaa mjini kwa mwanangu, si mbali na bandari. Ni baba mzuri, ana subira kuliko baba zetu. Mbwa wake alimchagulia kwenye simu, akipitisha picha kwa kidole, huyu kifua, huyu masikio. Akaletwa kutoka Dar na cheti cha chanjo, getini pakaandikwa Mbwa Mkali. Simlaumu, wezi wapo. Wala mbwa mwenyewe simlaumu, maskini, anashinda kwenye banda la nondo hana amjuaye. Lakini mjukuu wangu akitaka kutoka kwenda uani huja kwanza kwangu: "Bibi, amefungwa?" Namwambia amefungwa. Anakwenda hadi mlangoni, anachungulia, anarudi kwenye kochi na simu yake. Nasi tunakaa kulalamika kwamba watoto wa sasa hawachezi nje. Sisi uwanja ulikuwa wetu, na mbwa, na bata, na kila mwenye miguu. Huyu wangu uwanja anautazama dirishani, na roho inaniuma.

Juzi Somoe alikuja kututembelea, akamwona mtoto anavyochungulia. Akamuuliza mwanangu kwa upole, "Siku mliyomchagua huyu mbwa, mtoto alikuwa wapi?"

Mwanangu hakuelewa swali. "Alikuwepo, Mama mdogo. Alikuwa amekaa hapahapa karibu yangu."

Somoe alimshika mtoto mkono, wakaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni, mbali na banda, wakimtazama mbwa amelala. Jana akaja tena, wakakaa tena, ngazi moja chini zaidi. Mtoto bado hajamgusa mbwa. Ila leo asubuhi alipokuja kwangu hakuniuliza kama amefungwa. Aliniuliza mbwa anaitwa nani, na mimi, miezi yote hii niliyoishi naye, ilibidi nimpigie simu baba yake nimuulize.