Mama Adolphine Anakaa Mbele Yake Mwenyewe

Ukitaka kufika kwetu, mwisho wa Kasungami, unamwambia mtu wa moto, yaani pikipiki ya abiria, maneno matatu tu: "Kwa Mama Adolphine." Hakuulizi lingine. Anakata kona kwenye shamba la mihogo, anaruka mfereji, anakushusha mbele ya banda la mabati ambapo mama mmoja mnene, kitambaa cha kijani kichwani, amekuwa akikaanga bitumbula, maandazi yetu ya duara, tangu mimi sijaanza shule. Lori la unga la Papa Paluku linafika hivyo hivyo. Hata misiba yetu inapatikana kwake. Mwaka jana redio ilitangaza kwamba kilio cha mzee Chishimba "kiko kwa Mama Adolphine." Dada yake Mama Adolphine akasikia nusu ya tangazo huko Likasi, akapanda basi, akalia njia nzima, akamkuta marehemu anageuza bitumbula.

"Ulikuya na mukono mutupu?" marehemu akamuuliza.

Sasa nieleze kilichonikasirisha.

Mwaka huu Mama Adolphine alijenga tanuri la matofali, akaanza kuoka mikate. Masœur Marie-Thérèse, mtawa na mkuu wa shule yetu, aliionja akasema anaitaka kwa wasichana wa bweni, maana ile ya mjini inawafikia imeshakuwa migumu kama kisigino. Sharti lilikuwa moja: facture, ile karatasi ya kudai malipo, lazima iwe na namba ya biashara iliyoandikishwa.

"Muniletee namba mbele ya Ijumaa, Mama. Ikikosa, nitasaini na mutu wa mjini, mwaka muzima."

Bila bweni lile, tanuri lile lingebaki nyumba ya kuku. Mtaa wetu hauna watu wa kumaliza mikate yote ile.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya likizo, kwa hiyo nikamsindikiza mjini. Nilitaka kuona biashara inavyozaliwa. Nilidhani labda watapiga makofi. Kwenye guichet, dirisha la kuandikisha biashara, alikaa bwana mmoja anayeitwa Papa Gérard, kalamu tatu mfukoni. Picha, akapokea. Kopi ya kadi ya mpiga kura, akapokea. Jina la biashara, akaandika: Mama Adolphine. Mpaka hapo safi.

"Adresse?"

"Kwa Mama Adolphine."

"Mama, jina nimeisha kuandika. Minauliza adresse."

"Njo ile, patron. Kwa Mama Adolphine."

"Avenue gani?"

"Haina jina bado."

"Numéro ya parcelle, ya kiwanja?"

"Balisema batakuya kupima. Tuko tunabangojea."

Papa Gérard akaweka kalamu chini. "Basi haiko."

"Nini haiko?"

"Ile fasi. Pahali yako."

"Fasi haiko? Na mi asubui nalitoka wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Papa Gérard hakucheka. Akainama, akashusha sauti, akampa shauri: achukue adresse ya ndugu yeyote mwenye nyumba katikati ya mji. "Bote banafanya vile."

"Kumbe Leta inakatala ukweli yangu, inanilomba uongo?" Leta ndivyo tunavyoiita serikali. "Four yangu, tanuri yangu, iko kule, patron. Juu ya nini niseme iko huku?"

"Mutu mwingine!" akaita Papa Gérard.

Shuleni tunaambiwa kudanganya kwenye karatasi ya serikali ni kosa la kufungwa. Hapa serikali yenyewe ilikuwa inafundisha kudanganya, dirishani, mchana kweupe. Kesho yake Mama Adolphine alirudi peke yake, akapewa jibu lile lile.

Alhamisi asubuhi moto ikasimama mbele ya banda. Akashuka mwanaume mwenye mkoba na kufuli kubwa. Ni Papa Lucien, wa kodi.

"Mama, unaoka mikate bila kuandikishwa. Minakuya kufunga mulango."

Mama Adolphine hakupiga kelele. "Karibu, papa. Ulifika huku namna gani?"

"Na moto."

"Ulimwambia moto nini?"

"Nalisema kwa Mama Adolphine. Hata mutoto ya kunyonya anajua."

Hapo ndipo damu ilipochemka mwilini mwangu. Akienda kuandikishwa, hayuko. Ikifika saa ya kufungiwa, yuko, tena kila mtu anamjua!

Jirani yetu Christiane, tunayemwita Yaya, dada mkubwa, alikuwa anafua. Akaja na povu mpaka kwenye viwiko. "Funga, papa, funga! Lakini utafunga wapi? Guichet yenu inasema huku haiko. Kufuli itashika hewa?"

Wamama wengine wakaanza kusogea. Papa Lucien akatoa karatasi yake, maana mlango haufungwi bila kuandika uko wapi. Kalamu ikafika kwenye adresse. Ikasimama.

"Andika," akasema Mama Adolphine. "Andika avenue. Andika numéro."

"Mama, usinicheke."

"Sikucheki. Kama unajua fasi ya kufunga, twende useme ile fasi kule guichet, kule banafungua biashara."

Papa Lucien akaangalia karatasi, akaangalia wamama, akaangalia kufuli yake. Mwisho akairudisha kalamu mfukoni. "Panda moto, twende."

Nikapanda nyuma yao, watatu nyuma ya dereva mmoja.

"Mama, tena?" akasema Papa Gérard alipotuona.

Papa Lucien akasogea dirishani, kufuli bado mkononi. "Ile fasi iko. Nalifika mi mwenyewe."

Basi. Papa Gérard hakuuliza avenue wala numéro. Akachukua kalamu! Mama Adolphine alimwambia "niko" mpaka koo likakauka, hakusikilizwa. Mwanaume mwenye kufuli akasema "iko" mara moja, ikaandikwa. Nilitaka kulipiga lile dirisha.

Likabaki jambo moja. Penye kukosa avenue, lazima waandike mbele ya kitu kinachojulikana.

"Mbele ya nini?" akauliza Papa Gérard.

Papa Lucien akakuna kichwa. "Kule kitu ya kujulikana ni moja tu."

Ndivyo karatasi ilivyotoka, na muhuri juu yake: Biashara Mama Adolphine, Kasungami, mbele ya Mama Adolphine.

Ijumaa Masœur alivaa miwani, akaisoma mara mbili. "Mama, munakaa mbele yenu benyewe?"

"Njo vile, masœur. Asubui minajisalimia ng'ambo ya njia."

Masœur akacheka mpaka akavua miwani, kisha akasaini.

Mikate inafika bweni kila siku, bado moto. Wapimaji wa avenue mpaka leo hawajatuona. Papa Lucien wa kodi amekwisha kurudi, wala hakuuliza njia.