Ndoo ya Kibwengo

Taisto Vilppula alirithi kwa baba yake nyumba ya orofa tatu mjini Tampere, yenye wapangaji saba na sauna moja, chumba cha kuogea kwa mvuke, chini ya paa. Kila mpangaji ana saa yake ya sauna kwa wiki. Saa ya Taisto ni Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, ileile ya marehemu baba yake. Ni heri umwombe figo kuliko kumwomba saa hiyo.

Chini ya sauna anaishi Bi Irmeli Kantola, mwalimu mstaafu, aliyemfundisha Taisto kuzidisha alipokuwa bado mtoto tu wa mwenye nyumba. Vuli iliyopita dari yake ilianza kutona, tena juu ya mto wa kulalia. Akasogeza kitanda, akaweka beseni. Taisto akabadilisha mabomba, akaziba paa kwa lami, akaleta fundi aliyegonga kuta, akakuna kichwa na kwenda zake. Dari ikaendelea.

Siku moja Bi Irmeli akamsimamisha ngazini na kumpa barua.

"Dada yangu ana chumba mjini Pori. Hakitoni. Mwisho wa mwezi nahama."

Taisto aliishika ile barua kama samaki aliye hai. "Nipe wiki mbili, Mwalimu."

"Hata jedwali la saba uliniomba wiki mbili."

Basi Taisto akachemsha sufuria kubwa ya bitiruti. Kila mpangaji alipewa jagi la maji mekundu ayamwage anapooga, bafuni kwake na kwenye sauna, huku Taisto amekaa chini ya dari ya Bi Irmeli na kikombe cha kahawa, shingo imepinda.

"Bosi," Okko, mwanafunzi wa orofa ya pili, akapaza sauti, "naoga au napikwa supu?"

"Mwaga, wacha maneno!"

Majagi saba yakaisha. Hakuna tone.

"Si nilikwambia inatona Jumamosi jioni?" Bi Irmeli akasema.

"Jumamosi jioni niko mimi tu, Mwalimu, na maji yangu yanazidi ya paka kidogo tu."

"Darasa zima umelipima. Mshika chaki je?"

Taisto akacheka, ila masikio yalimwiva. Jumamosi akapanda na bitiruti yake. Mimi, mpangaji wa chini, niliitwa niwe shahidi, maana Bi Irmeli hamwamini mkaguzi anayejikagua. Tukakaa tukitazama dari. Juu maji yakamwagika, yakasita, yakamwagika tena.

"Kavu?" Taisto akaita.

"Kavu!"

"Si nilisema!"

Kisha tukasikia ndoo ikiburutwa. Halafu tone moja jekundu likaanguka kwenye beseni, likafuatwa na wenzake.

Kwetu humgongei mtu mlango katika saa yake ya sauna hata nyumba ikiungua. Bi Irmeli alipanda akagonga, kwa mwiko. Taisto akafungua, kajifunga taulo, mwekundu kila mahali.

"Umefanya nini sasa hivi?"

"Sijafanya kitu. Nimemwachia kibwengo maji yake tu."

Sauna ina kibwengo wake, hilo halibishaniwi, na anayetoka wa mwisho humwachia mvuke kidogo: kata moja juu ya mawe ya moto ya jiko, basi. Baba yake Taisto, mtu wa kuzidisha mambo, alimwachia ndoo nzima, akiimwaga kwenye kona nyuma ya jiko, ambako kibwengo hulala, na Taisto akarithi hilo pia. Kona ile haina tundu la kutolea maji. Tangu vuli ina ufa unaomeza kidole.

"Miezi mitano," akasema Bi Irmeli, "nimeoga na kibwengo wako bila kualikwa."

"Baba alisema akinyimwa maji atachoma nyumba."

"Baba yako alisema pia saba mara nane ni hamsini na nne."

Taisto akatazama ile kona, kisha vidole vya miguu yake. "Sakafu nitaivunja yote, Mwalimu. Usihame."

"Barua nitaichukua. Lakini saa ya Jumamosi ni yangu."

Taisto akakaza taulo, akakubali kwa kichwa.

"Na kibwengo?"

"Atapata kata moja, kama vibwengo wengine."

Sauna ilifunguliwa tena barafu ilipoondoka ziwani. Taisto huoga Jumatano, baada ya Okko. Ila Jumamosi, ikikaribia saa moja, utamkuta pale ngazini ati anakagua taa.

"Mwalimu! Umemkumbuka?"

Ndani, maji yanalia juu ya mawe: shaaa.

"Nimemkumbuka! Nenda ukale!"