Kiatu Alichokivua Shemeji Yangu Mwenyewe

Kiatu kilikuwa mguuni kwa shemeji yangu. Mate yalikuwa tayari mdomoni mwangu.

Marabi watano wamekaa mbele yetu. Mimi tangu asubuhi sijatia kitu tumboni, maana mwanamke anayekwenda kutema mate mbele ya mahakama yetu hali kitu kwanza.

Halafu shemeji akainama, akafungua kamba, akakivua kiatu mwenyewe.

Najua hamjaona ubaya wake. Ngojeni, msinikimbize.

Naitwa Zihara. Sisi ni Wayahudi wa asili ya Yemen, kwetu Rosh Haayin, Israeli. Mume wangu Zekaria alikuwa fundi wa majokofu. Wiki nzima yuko kusini kikazi, Ijumaa anarudi kabla Sabato haijaingia. Saratani ikamchukua, na mtoto hatukuwa tumejaliwa.

Hapo ndipo Torati ilipoingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi.

Kwetu mume akifa bila mtoto, mjane anabaki amefungwa kwa ndugu wa marehemu. Zamani ndugu alimrithi, ili jina la marehemu lisipotee. Siku hizi kurithiwa hakuna, ila kamba haijakatwa. Ukitaka kuolewa kwingine, shemeji aseme mbele ya marabi kwamba hakutaki. Wewe umvue kiatu cha mguu wa kulia, uteme mate chini mbele yake, useme: ndivyo atakavyotendwa mtu asiyeijenga nyumba ya ndugu yake.

Wengi mmekutana na kiatu hicho kwenye kitabu cha Ruthu, mkafungua ukurasa unaofuata. Hata Injili ya Wakristo ina lile swali la mwanamke aliyeolewa na ndugu saba. Watu wanasoma kama kitendawili. Kwetu wapo mabibi walioyaishi hayo.

Mwenzenu nilishapata mtu. Menashe, fundi bomba, mgane, kafiwa na mwenzi kama mimi, mpole hadi anakera. Alitaka kunioa, na mimi nilitaka mtoto kabla umri haujanifungia mlango. Bila kile kiatu, hakuna rabi wa kutufungisha ndoa.

Na shemeji Yihya hataki kuvuliwa.

Mara ya kwanza kaitwa, mgongo unamuuma. Mara ya pili gari bovu. Mara ya tatu alifika hadi mlangoni pa mahakama, akageuka. Miaka miwili inakatika hivyo hivyo.

Mtaa ukapata la kusema. Anakutaka huyo. Wazee waliokuja kutoka Sana'a kule Yemen wanawakumbuka wanaume waliorithi wajane huku wana mke ndani, basi wakalichochea. Mke wa Yihya akaacha kunisalimia. Na mimi nikaamini. Nikikutana naye sokoni anakwepa macho, nasema moyoni, huyu ana lake jambo.

Mama mkwe, Badra, alikuwa upande wa mwanawe. Huyu ndiye aliyenichemshia uwatu nishike mimba miaka yote ya ndoa, akiulizia tumbo langu kila mwezi, na mbele za watu ananiita shamba la mawe.

"Umeshamzika mmoja," akaniambia, "sasa unataka kumtemea mate wa pili?"

Siku moja uzalendo ukanishinda. Nikamfuata Yihya dukani kwake, anauza viungo, nikasimama mlangoni wateja wasikie.

"Shemeji, unanitaka?"

Akawa mwekundu. "Mungu apishe mbali."

"Basi niache niende."

"Siwezi, Zihara."

"Huwezi au hutaki?"

Akaendelea kupima bizari kana kwamba sipo. Nilimchukia siku ile, siwafichi.

Mwisho mahakama ikamtishia jela. Akaja.

Basi turudi palepale. Nimefundishwa maneno hadi nayaota. Rabi mkubwa amemfungisha Yihya kile kiatu cha ngozi cha mahakama, kamba zimezungushwa mguuni. Amebakiza kusema neno lake tu: sitaki kumwoa.

Ndipo akakivua.

Rabi akasimama. "Yihya, kiatu hicho anavua mwanamke. Umeharibu."

"Najua, rabi."

"Unajua kwamba nje kuna askari?"

"Najua. Lakini nikisema maneno hayo hapa, nimeapa kwamba ndugu yangu kafa bila uzao. Na ndugu yangu ana mtoto."

Sikumwelewa. Nilimgeukia rabi nikidhani ni hila nyingine ya kunichelewesha.

Yihya akanitazama, mara ya kwanza tangu msiba. "Ana binti, shemeji. Kule kusini. Aliniapisha kitandani akiugua, nisikwambie, akasema utakufa kwa uchungu. Nikanyamaza. Lakini kumfuta yule mtoto mbele ya Torati, hapana. Nimekuja naye na mama yake. Wako nje."

Mate yale niliyoyatunza tangu asubuhi nikayameza. Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Maana nilielewa mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, Zekaria alikuwa na nyumba nyingine, na zile Jumatatu nilizomfungia chakula cha safari nilikuwa nampelekea mwenzangu. La pili, kama mtoto yupo, basi sikuhitaji kiatu cha mtu. Mjane mwenye mtoto wa marehemu duniani, hata akizaliwa na mwanamke mwingine, hafungwi na shemeji. Nilikuwa huru tangu siku ya mazishi.

Nikatoka ukumbini nimeshika ukuta. Kwenye benchi amekaa mwanamke mwembamba asiyethubutu kuniangalia, na msichana wa umri wa kuanza shule. Sikujua nimtukane nani.

Badra, aliyekuja kumsindikiza mwanawe, alikuwa nyuma yangu. Nikageuka kumshika mkono, mama wa watu, nikidhani naye ataanguka kwa mshtuko.

Hakuanguka. Alinipita, akainama kwenye benchi.

"Hodaya," akamwambia mtoto, "umekula lakini?"

Na mtoto akajibu, "Bado, bibi."

Hakuna aliyekuwa amelitaja jina lile. Si Yihya, si rabi, si mimi.

Nikamwita, "Mama." Hakugeuka. Akafungua mkoba, akamtolea mjukuu wake mkate, yeye aliyekuwa akinichemshia uwatu kwa tumbo ambalo alijua kabisa halikuwa tegemeo lake la kupata mjukuu.

Marabi walihoji, wakapima, wakahoji tena, mwisho wakanipa ruhusa. Niliolewa na Menashe. Yihya nilimwomba radhi mbele ya mkewe, hata kama kimya chake kilinila miaka miwili. Badra hajawahi kuniomba, na mimi nimeacha kusubiri.

Funzo langu ni hili. Mtu akikataa kukuachia, usikimbilie kusema anakutaka, uliza kwanza anamlinda nani. Na wanaposema siri ya mtungi aijuaye kata, usiishie hapo. Angalia kata imeshikwa na nani.