Gauni Lisiloachiwa Pindo

Mtaani walimwita Chupa. Jina hilo alipewa na wateja wa baba yake, kwa kuwa popote alipokaa, chupa ya maji ilikaa naye. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoitesa mifupa, na daktari alimwonya mama yake: mtoto huyu asikaukwe na koo, asipigwe na baridi. Akakua na chupa mkononi kama wenzake walivyokua na wanasesere.

"Chupa, leo umejaa au umepungua?" wateja walimtania.

"Nimejaa. Nisogelee nikumwagikie."

Mdomo alikuwa nao. Mwili ndio uliomwangusha. Leo anacheka, kesho kalazwa, macho ya manjano, damu ya mtu asiyemjua inamwingia tone kwa tone. Akitoka hospitali anarudi kwenye cherehani. Baba yake alikuwa fundi wa nguo, na Chupa alijua mkasi kabla ya kujua kalamu. Alipofika umri wa kuposwa, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa baba. Wachumba hawakuja. Walikuja wateja.

Kisha akafa mama. Si Chupa; mama. Mwanamke ambaye hakuwahi kumeza hata kidonge cha kichwa. Alikuwa anaanua nguo, akashika kichwa, akakaa chini, basi. Msibani watu walimtazama Chupa kama mtu aliyempisha mwenzake kwenye foleni kwa makusudi. Shangazi mmoja alianza, "Jamani, sisi tulidhani..." akameza yaliyobaki. Chupa akayamalizia mwenyewe moyoni.

Baba hakulia mbele za watu. Alishona. Alishona hata nguo ambazo hakuna aliyezileta.

Msiba ulipotulia, mama mmoja mwenye karakana ya sare za shule, mji wa pili, alimwita Chupa. Alikuwa ameiona kazi yake, akamtaka awe mkataji wake. Chumba kipo, hospitali ipo jirani. Chupa alitamani kwenda mpaka chakula kikawa hakipiti.

"Huendi," alisema baba bila kuinua macho.

"Kwa nini, baba?"

"Ukianguka huko, nani atakuokota?"

"Na hapa nani ataniokota? Mama ndiye huyo hayupo."

Baba akakanyaga cherehani. Mazungumzo naye siku zote yaliishia hapo, kwenye kelele za cherehani. Chupa akabaki amenuna, kwa kuwa hakuwa amewahi kutoka nyumbani bila baba kukubali.

Wakati huo dada yake mkubwa akaja na binti yake mdogo, wapange nguo za marehemu. Chini kabisa ya sanduku wakakuta magauni mawili ya bluu, ya udogo wao. Kitambaa kimoja, mkono mmoja wa baba, siku moja. La dada lilikuwa la bluu tupu. La Chupa lilikuwa na utepe wa manjano kuzunguka chini, kipande cha pazia lao la zamani. Chupa akacheka. Utoto wake wote aliuringia utepe ule.

"Unaona nani alipendwa?" akamwambia dada. "Wewe ulivaa bluu kama mlinzi wa benki."

"Haya, mpendwa. Hebu nishushie pindo la hili langu, mwanangu avae."

Chupa akafumua. Kitambaa kikashuka vidole vinne, bluu mbichi isiyowahi kuona jua. Ndivyo baba alivyoshona nguo za watoto wote wa mtaa. Alikunja kitambaa cha ziada kwa ndani, mtoto akirefuka, pindo linashushwa. Wazazi walimsifia kwa hilo.

Akachukua na lake. Akaufumua utepe wa manjano. Mishono ilikuwa ya mkono, imekwenda mrama, mishono ya mama, ambaye hakujua kushona. Chini ya utepe hakukuwa na kitu. Gauni liliishia pale pale utepe uliposhonewa. Ukingo ulikuwa umekatwa, ukapigwa uzi, basi.

Akayalaza magauni mawili sambamba. Aliyatazama kwanza kama fundi, ndipo akayatazama kama mtoto.

"Labda kitambaa kilipungua," alisema dada, sauti chini.

"Kikapungua kwangu tu?"

Akalibeba mpaka barazani. Baba alipoliona, mguu wake ukasimama kwenye kanyagio la cherehani.

"Baba, hili uliliachia pindo?"

"La zamani hilo."

"Uliliachia?"

"Daktari alisema hutafika hata kuanza shule."

"Nikafika."

"Ukafika."

"Na sare za shule? Nazo hukuziachia?"

Baba alihangaika na uzi usiokuwa na shida yoyote. "Mama yako alikuwa anaunga vipande kwa chini. Mimi nakata, yeye anaunga. Nilimwambia anajidanganya, akaninunia. Mimi sikuweza. Nikishika kitambaa chako, nawaza nani atakuja kulishusha hilo pindo."

Chupa hakupaza sauti.

"Kumbe miaka yote ulikuwa unanizika kidogo kidogo. Ukajiandaa kwa ajili yangu, akafa mwingine. Pole, baba."

Akaenda kufunga mzigo. Baba hakumkataza tena.

Asubuhi ya safari Chupa alimkuta baba mlangoni, ameshika gauni jipya, bluu vilevile. Chupa akaligeuza ndani nje, mazoea ya kazi. Pindo lilikuwa pana, vidole vinne, limeshikizwa kwa mshono safi kabisa.

"Nimekuachia," alisema baba.

"Mtu mzima harefuki, baba."

Akaliweka juu ya cherehani. Akachukua chupa yake na lile gauni la utoto, na utepe wake wa manjano, akaondoka.

Huko alikata sare. Baridi ilipoingia maumivu yalimwangusha, akalazwa. Wenzake wa karakana walijaa wodini, wakigombea kiti kimoja na kumtania mpaka muuguzi akawafukuza. Baba hakuambiwa. Chupa alimpenda kijana mmoja wa kupiga pasi, wakaachana kwa ugomvi wa kawaida, si kwa ugonjwa, na hilo lilimfurahisha kuliko penzi lenyewe.

Mara mojamoja baba alipiga simu.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Lile gauni lipo."

"Liache hapo hapo."

Mwenye karakana alimpenda, ila alikuwa na lalamiko lake moja, hamalizi juma bila kulileta mezani.

"Chupa, mapindo yako yananimalizia kitambaa! Punguza, bwana."

"Sipunguzi, mama."

"Kwani wote hao watarefuka? Unawajua?"

"Siwajui," alisema Chupa. "Na wewe huwajui."

Akapima vidole vinne chini ya mstari, akapiga chaki, akakata.