Yeye Alisema Pamba, Fundi Akasikia Pamba

Juu ya meza ya fundi huyu, karibu na mkasi, chaki na futi kamba, hakukosi kiberiti. Ndiyo maana mtaa mzima humwita Mama Kiberiti, na wageni hudhani anavuta sigara. Havuti. Ukimpelekea kitambaa, kabla hajakupima mabega atachomoa uzi mmoja pembeni, aubane kwa kibanio cha nywele na kuuwasha. Ukiungua kama karatasi na kuacha majivu laini, hiyo ni pamba. Ukinuka kama nywele zilizoungua, ni sufu au hariri. Ukijikunja, ukayeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu, atakuambia bila kukuonea haya kwamba umeuziwa plastiki kwa jina la pamba.

Amenishonea kwa miaka kumi na minane, na sijaona fundi mwingine anayejua kumheshimu mteja kwa kumkatalia. Wengi wetu huchagua nguo kwa macho tu, kana kwamba itavaliwa na kioo. Yeye huuliza maswali matatu: utaivaa wapi, utakuwa unafanya nini, na nani ataifua. Mwalimu mmoja alitaka sketi ya marinda ya pamba tupu, naye akakataliwa. Aliambiwa kwamba marinda ya pamba yatakuwa yamelala kabla ya saa nne asubuhi, na kwamba yeye na pasi hawapatani, kwa hiyo achukue tetroni isiyojikunja. Mwalimu alinuna siku mbili, kisha akaagiza nyingine mbili. Basi asije mtu akadhani mama huyu ana ugomvi na nyuzi za kiwandani. Ugomvi wake ni kitambaa kupelekwa pasipo pake.

Mwaka jana alimjia kijana mwenye tanuri la mikate la barabara ya pili, ambaye wafanyakazi wake humwita Tajiri. Alikuwa amejenga duka jipya mbele ya tanuri na lilikuwa lifunguliwe baada ya wiki mbili. Alitaka mashati ishirini na manne: kumi na manne ya waokaji, kumi ya wauzaji. Kitambaa alimwachia fundi achague. Huku simu iko sikioni, alitoa agizo moja tu, kwamba watu wake wote wavae pamba, nyeupe, ya maana. Akaondoka kama alivyokuja, mbio.

Mama Kiberiti alifurahi kupita kiasi. Alimwambia binti yake, anayefanya naye kazi na kutia matundu ya vifungo, kwamba hatimaye amepatikana tajiri anayewajali watu wanaosimama motoni. Kwa furaha hiyo hakuuliza hata moja kati ya maswali yake matatu, na hapo ndipo alipoteleza. Alinunua jora la pamba nzito, akaliloweka na kulianika ili linywee na kurudi kabla ya kukatwa, kisha wakashona wiki nzima, mama na binti, cherehani mbili hazipumziki.

Tajiri alipokuja kukagua, alilinyanyua shati kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

"Mama, mimi nilisema pamba. Wewe umenishonea foronya."

"Mwanangu, pamba ndiyo hiyo."

"Hiyo ni pamba ya shambani. Mimi nilitaka pamba ya kutamba. Mteja akiingia, macho yamtoke."

Binti alijificha nyuma ya jora akacheka hadi machozi, maana yeye alilijua neno hilo la vijana, kwamba pamba ni nguo kali, hata ikiwa ndani yake hamna uzi mmoja wa pamba. Mama yake alikuwa akilisikia barabarani na hakulitilia maanani. Tajiri akatoa kwenye mfuko shati la poliesta alilonunua kama mfano, jeupe la kung'aa, lisilojikunja hata ukilikalia. Akasema wazi kwamba ama yashonwe yote namna hiyo, ama atalipeleka agizo kwa fundi wa jirani, ambaye hachomi nyuzi za watu.

Mama Kiberiti hakubisha kuhusu neno. Alikiri kwamba alipaswa kuuliza. Kisha akachomoa uzi kwenye pindo la lile shati na kuuwasha. Uliyeyuka, ukadondosha tone jeusi kwenye kisahani.

"Pamba nayo inaungua, sikudanganyi," alisema. "Lakini inaacha majivu. Hii inayeyuka, na ikiyeyuka inashika ngozi. Waokaji wako wanavuta trei za chuma kwa mikono siku nzima. Mimi nimekosea kusikia, sikukosea kushona."

Tajiri alimjibu kwamba yeye anaoka mikate, haoki watu, na akampa hadi kesho.

Alipotoka, binti hakucheka tena. Alimkumbusha mama yake kwamba hakuna kazi kubwa kama hiyo iliyowahi kuingia kibandani mwao, na kwamba fundi wa jirani atayashona yaleyale bila kupepesa jicho, kwa hiyo waokaji watayavaa tu na wao watabaki na foronya zao. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Ni maneno tunayojiambia kila siku tukitaka kufanya jambo baya kwa amani. Mama Kiberiti alimjibu kwamba fundi wa jirani ana mikono yake na yeye ana ya kwake.

Kesho yake asubuhi alifunga kibanda, akachukua shati moja la pamba, akaenda tanurini. Hakuomba wala hakugomba. Alimwambia Tajiri, mbele ya waokaji wote, avae lile shati lake la kung'aa na asimame mdomoni mwa tanuri kwa muda wa kuiva trei moja tu ya mikate. Akishatoka, kama bado analitaka, atamshonea yote ishirini na manne.

Kijana aliyeambiwa hivyo mbele ya watu wake angekataaje? Alivaa, akakunja mikono kifuani, akasimama. Mwokaji mkuu, mtu mzima aliyekaa na moto huo miaka mingi, alimsogezea kulabu ya kutolea trei na kumwambia, "Karibu, Tajiri. Huku ndiko tunakotambia." Wenzake wakainamia unga ili wasionekane wanacheka.

Kabla mikate haijabadilika rangi, shati lilikuwa limeshamnata mgongoni kama karatasi kwenye gundi. Jasho halikuwa na pa kwenda. Hata hivyo alisimama mpaka mwisho, na hilo namsifu. Alipotoka, macho mekundu, fundi alimpa taulo, kisha lile la pamba. Alilivaa, akarudi mwenyewe motoni kutoa trei ya pili. Baadaye akamgeukia mwokaji mkuu na kumuuliza kwa nini miaka yote hakuna aliyemwambia. Mwokaji alisema hakuna aliyeulizwa.

Mashati kumi na manne yalichukuliwa siku hiyohiyo. Yale kumi ya wauzaji Tajiri hakuyataka, kwa kuwa wao hukaa mbele ya feni na kazi yao ni kupendeza. Mama Kiberiti hakumlazimisha. Alisema wauzaji kweli wanafaa kung'aa, na kwamba nusu ya kosa ni lake, kwa hiyo yale kumi yatabaki kwake mpaka yapate mabega mengine. Akapokea jora la poliesta kutoka kwa Tajiri, amshonee mengine kumi.

Nilipita pale Ijumaa ya wiki hiyo nikamkuta anayamalizia. Alikuwa ameipunguza pasi moto na kutandika kitambaa cha pamba juu ya kola ili isiungue. Mishono ilikuwa imenyooka, myembamba, safi kama ya mashati ya waokaji, na alikuwa ameufumua mkono mmoja mara mbili kwa sababu ulivuta kidogo kwapani. Binti alimuuliza kwa utani kama si yeye aliyelikataa shati hili juzi tu.

"Nililikataa mbele ya moto," alisema, akivuta taa karibu na sindano. "Kaunta haina moto. Nipe vifungo."