Kikombe Alichokionja Nakhungu

Mama yake Nakhungu wa Kamukuywa alikuwa na kahawa ambayo ikichemka, ng'ombe wa kule Naitiri hukata kamba wakafuata harufu. Usicheke. Mmoja alifika na mwenyewe bado amening'inia mkiani. Basi mama huyo alipozikwa, Nakhungu hakulia. Alisimama kaburini kama gunzi lililopukuchuliwa, akiwaza tu kwamba viatu vinambana.

Kabla udongo haujakauka, kakake Hillary akatangaza kwamba atang'oa mibuni yote ya mama, apande mahindi.

"Ningoje nirudi," Nakhungu akamwambia.

"Urudi na nini?"

"Na ushindi. Dunia ikiisifu kahawa ya mama, utaiacha shambani."

"Haya. Ukishindwa, utanisaidia kung'oa."

Wakakubaliana.

Nakhungu alikuwa akitengeneza kahawa katika hoteli ya Zulekha, karibu na msikiti, Kitale. Alikuwa amewashinda wenzake Nairobi katika mashindano ya kutengeneza kahawa, sasa anapelekwa ng'ambo kushindana na mataifa. Zulekha akamkaangia buni za mamake, akazifunga kwenye leso. "Mwanangu, moyo utetemeke, mkono usitetemeke."

Utetemeke moyo upi? Ndege ilipaa hata ikakwaruza tumbo la mwezi, abiria wakapiga mayowe. Yeye akaomba maji.

Jukwaani walikaa majaji wanne, wamenyooka kama misumari. Nakhungu akasaga, akakamua, akamimina. Harufu ikapanda, jaji mmoja akafumba macho akamwita nyanyake. Ndipo Nakhungu akafanya kama wafanyavyo kwao: akaonja kila kikombe kwanza, halafu akawapa. Kwao, anayekukaribisha kinywaji bila kukionja ana neno nawe.



"Umekunywa kahawa ya majaji!" akasema jaji mkuu.

"Ndiyo. Sasa mnajua haina sumu."

Alama zake zikafutwa, akawa wa mwisho. Akaikunja leso polepole, pembe kwa pembe, kama inayokunjwa na mtu mwingine.

Aliporudi Kamukuywa, alimkuta Hillary mlangoni na majembe mawili.

"Ati uliwanywea majaji?"

"Niliwanywea."

"Wewe bana! Haya, shika jembe."

"Kunywa kahawa kwanza, kaka."

Akazitengeneza buni zilizobaki kwenye leso. Akamimina kikombe, akampa kwa mikono miwili. Hakukionja.

Hillary akakitazama. "Si uonje?"

"Kule walinikataza."

Mvuke ukapanda, ukaisha. Hillary akaogopa kunywa, akaogopa vilevile kugusa mti wa mtu aliye na neno naye. Akayaegemeza majembe ukutani. Nakhungu alikaa mbele yake akingoja moyo wake uhisi kitu, furaha au hata hasira. Hakikuja.

Mibuni ingali imesimama. Na kikombe kile kingali mezani, kimejaa. Hakuna aliyethubutu kukimwaga, na hata nzi, wakifika hapo, hukizunguka kwa adabu.