Mzinga wa Shaba wa Dakani

Macho ya babangu yalipoingia kiza, mimi ndiye niliyejitwika kazi ya kuutunza mzinga wetu wa vita. Hakuna aliyenituma. Ulikuwa umelala dakani kwetu, kwenye ukumbi ule wa mbele ya mlango, tangu enzi za babu zake, umevaa kutu ya kijani toka mdomo hadi kitako. Wageni waliukalia wakivua viatu. Mimi nina kichwa kigumu na uchafu siupendi, basi kila Alhamisi nilichukua ukwaju, majivu, mchanga na makumbi ya nazi, nikasugua mpaka jasho linanitiririka. Ukang'aa, mashaallah! Mtaa mzima ukanisifu, nami nikavimba kichwa.

Baba alikuwa mwalimu wa skuli, na ugonjwa wake ulikuwa mizinga ya kale. Ndiye aliyenieleza kwamba ile ya shaba ya zamani kila mmoja ulifanyiwa kalibu yake ya udongo, shaba na bati vikayeyushwa na kumiminwa ndani, kisha kalibu ikavunjwa ili mzinga utoke. Kwa hiyo hauna pacha. Na huu wetu ulikuwa na maandishi mgongoni, karibu na tundu la kuwashia, herufi zilizofumana hata yeye hakuweza kuzisoma. Wareno? Waturuki? Wahindi? Umri wake wote aliwaandikia watu barua, hakupata jibu.

"Nataka kuyua tu kabla sijafa," alikuwa akiniambia. "Mzinga huu umetoka nti gani?"

Mimi herufi zenyewe sikuwahi kuzitazama sawasawa. Kwangu zilikuwa vijinundu vinavyoshika uchafu.

Mwaka jana barua moja ikajibiwa. Akaja mtafiti, mwanamke wa bara, kavuka na boti ya asubuhi kutoka Mokowe hadi kisiwani kwetu. Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Aliketi chumba cha mbele, mlango wazi, akisikiliza.

Mtafiti alipima mdomo wa mzinga, akapima unene wake, akamulika tochi ubavu ubavu. Kisha akatandaza karatasi mgongoni na kupitisha mkaa juu yake, ili herufi zijichore. Karatasi ikatoka nyeusi tupu. Akaweka nyingine. Nyeusi tupu.

"Bi," akaniuliza taratibu, "huwa mnausafisha na nini?"

Nikamtajia vyote, tena kwa majivuno.

"Hata mchanga?"

"Hata mchanga."

Akashusha pumzi. Akaniambia kwamba maandishi ya mizinga hii huwa yametokeza juu ya shaba, kwa hiyo ndiyo hutangulia kulika. Ile kutu ya kijani ndiyo iliyokuwa ikiyahifadhi.

Nilingoja kilio kije. Hakikuja. Nilikufa ganzi, nikawa natazama kucha zangu na weusi wa majivu uliogoma kutoka. Sikuona haya, sikuona uchungu, sikuona chochote.

"Ameyasoma?" Baba akaita kutoka ndani.

Mtafiti akaninong'oneza, "Nimwambie ni chumvi ya bahari iliyoyala?" Mtoto wa watu, alinihurumia. Ningeitikia tu, yangeisha. Lakini ndia ya mwongo ni fupi, na mzee yule mimi ndiye ninayeishi naye.

"Maandishi hayapo, Baba," nikasema. "Nimeyafuta mimi. Kwa kusugua."

Kisha akanyoosha mkono, nikamleta dakani na kuuweka mkono wake juu ya shaba. Vidole vikaenda, vikarudi, vikaenda tena.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Wallahi nilitamani anitukane. Angenitukana labda ningesikia kitu.

"Kila Alhamisi nalikikusikia ukisugua," akasema. "Nikimshukuru Mngu. Nikisema, binti yangu naye aupenda."